Elimu ya ulevi na uendeshaji: vijana wa Tabora wanatusikiliza kwa adabu tu. Mawakili tunakosea wapi?

Wakili wa Kanyenye aliandika:

Habari za wakati huu ndugu wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Tabora mjini, nina miaka mitatu katika kazi. Mwaka huu, maonesho ya Wiki ya Sheria yalipomalizika, mawakili vijana sita tulikubaliana kwamba badala ya kusubiri Januari nyingine ndipo tusimame tena mbele ya wananchi, tuwe na ratiba yetu wenyewe ya kuwaelimisha vijana juu ya jambo moja tu, nalo ni kuendesha pikipiki au gari baada ya kunywa pombe. Hatukulichagua kwa kubahatisha. Kila mmoja wetu ameshakaa meza moja na kijana wa miaka 21 au 22 ambaye hajawahi kuiba hata kuku, lakini anakabiliwa na shtaka la kusababisha kifo kwa sababu ya usiku mmoja. Na kila mmoja wetu amemwona mama wa kijana wa namna hiyo akiwa kwenye benchi nje ya mahakama, akiuliza kama kuuza kiwanja kutasaidia.

Tumeshafanya vikao viwili, na vyote viwili vimenivunja moyo.

Cha kwanza kilikuwa katika shule moja ya sekondari. Nilianza na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, nikaeleza kiwango cha juu cha kilevi ambacho ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, kisha nikapita kosa moja baada ya jingine pamoja na adhabu zake. Wanafunzi walikaa kimya kwa heshima kubwa. Ulipofika wakati wa maswali, wa kwanza aliuliza kama kutafuna kitunguu kibichi kunakidanganya kipima ulevi. Wa pili aliuliza kama trafiki anayo haki ya kuchomoa ufunguo wa pikipiki. Wa tatu, aliyeuliza kwa utulivu kama mwanafunzi wa sheria, alitaka kujua mtu akiondoka eneo la ajali kisha akajisalimisha kesho yake mchana akiwa hana harufu yoyote, atashtakiwa kwa kosa gani. Nilitoka pale nikijiona nimewafundisha kukwepa kuliko kujizuia.

Cha pili tulikifanya kwenye kijiwe cha bodaboda saa kumi jioni. Tulianza na watu wapatao 30 na tukamaliza na wanne, mmoja wao akiwa amelala juu ya tangi la pikipiki yake.

Ninaomba ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, wakili anacho nini cha kumwambia kijana ambacho askari, mwalimu na shehe au padri hawajamwambia? Pili, mwenzetu mmoja ana wasiwasi kwamba vikao hivi vinaweza kutafsiriwa kuwa ni kujitangaza na kutafuta wateja, jambo ambalo maadili yetu yanalikataza. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Cheyo alijibu:

Marahaba, wakili msomi. Nimestaafu baada ya miaka mingi upande wa mashtaka, kwa hiyo nitakuandikia kama mtu aliyewapokea vijana hao kutoka upande wa pili wa meza uliyoitaja.

Nianze na swali lako la pili kwa kuwa ni jepesi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, pamoja na kanuni za maadili za mwaka 2018, zinakuzuia kuwinda wateja, hazikuzuii kufundisha. Tena Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaitambua elimu ya sheria kuwa ni sehemu ya msaada wa kisheria. Shirikianeni na taasisi iliyosajiliwa chini ya sheria hiyo, au pitieni chama chenu cha mawakili, msivae fulana zenye majina ya ofisi zenu, msigawe kadi za biashara, na kijana akikujia kando baada ya kikao akikwambia ana kesi, usiifungue pale pale chini ya mwembe. Hayo yakizingatiwa, mwenzenu alale usingizi.

Sasa hilo la kwanza. Umesikitishwa na maswali ya wanafunzi, lakini mimi nayaona ndiyo somo lenyewe. Yule wa tatu alikuonyesha kile ambacho kijana aliyelewa hukifikiria akiwa amesimama barabarani na mtu amelala chini mbele yake: niondoke au nibaki? Ungelichukua swali hilo ukalijibu kwa nusu saa, ungekuwa umetoa elimu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuitoa. Mweleze kwamba dereva anatakiwa kusimama, kumsaidia aliyeumia na kutoa taarifa polisi, na kwamba kuondoka ni kosa jingine linaloongezwa juu ya lile la kwanza. Mweleze kwamba mashtaka ya kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, yale ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Usalama Barabarani, hayasimami juu ya harufu ya kinywa peke yake. Yapo mashahidi waliomwona baa, yupo aliyempimia pombe, upo mchoro wa eneo la ajali, ipo ripoti ya mkaguzi wa magari, na ipo tabia yake mwenyewe ya kutoroka, ambayo mwendesha mashtaka yeyote mwenye akili ataitumia. Nimewahi kuitumia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Na juu ya yote hayo, mwambie kwamba majeruhi aliyeachwa barabarani saa nane usiku huenda angefika hospitali ya Kitete akiwa hai kama aliyemgonga angebaki akapiga kelele.

Acha vifungu, anza na saa. Chukua usiku mmoja wa Ijumaa na uutembeze mbele yao mpaka mwisho wake. Saa saba na nusu usiku, ajali. Saa tisa, mahabusu, huku pikipiki ikiwa imeshikiliwa kituoni kusubiri ukaguzi. Asubuhi, ndugu wanahangaika na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ya aliyeumia na dhamana ya aliyemuumiza, na mara nyingi ni ukoo uleule au mtaa uleule. Jumatatu, hati ya mashtaka. Kisha kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena, na kila tarehe ya kutajwa ni siku moja ambayo mshtakiwa hakufanya kazi na mdhamini wake hakufungua duka. Akitiwa hatiani, mbali na faini au kifungo, mahakama inayo mamlaka chini ya kifungu cha 27 cha sheria hiyo ya barabarani ya kumwondolea haki ya kuwa na leseni. Halafu inakuja sehemu ambayo vijana hawajawahi kuisikia: hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, hutumika kama ushahidi timilifu katika shauri la madai la kudai fidia, kwa hiyo familia ya marehemu haianzi upya kuthibitisha kosa. Na mwenye pikipiki naye anaweza kuunganishwa katika shauri hilo.

Safari hii askari huiona mwanzo wake tu, na mwalimu haioni kabisa. Wewe huitembea kila wiki. Kipe kijana unachokijua.

Mwenyekiti wa Kijiwe alijibu:

Shikamoo mzee, na pole sana wakili. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha bodaboda hapa mjini na nina miaka 11 kwenye usukani.

Kwanza kabisa, saa kumi jioni ndiyo saa yetu ya kula. Wanafunzi wanatoka, wafanyakazi wanatoka, mabasi yanaingia. Aliyebaki akikusikiliza saa hiyo ama pikipiki yake ni mbovu ama amechoka. Njoo kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, au njoo siku ya kikao chetu cha mwezi, ambapo asiyehudhuria analipa faini na kwa hiyo utawakuta wote.

Pili, wengi hapa wanalijua katazo kuliko mnavyodhani. Tatizo la bodaboda halianzi kwenye kiu, linaanza kwenye adabu. Msimu wa masoko ya tumbaku, mkulima analipwa, anakuja mjini na kumkodi kijana kwa siku nzima. Wanazunguka madukani, jioni wanaingia baa, na bosi hawezi kumwacha dereva wake nje na njaa. Anamwagizia nyama, kisha anamwagizia bia. Kijana wa miaka 20 anamkataliaje mtu mzima aliyemkodi kwa siku nzima na ambaye bado hajamlipa? Akikataa anaambiwa ana dharau, kesho anachukuliwa mwingine. Akikubali moja, ya pili inakuja yenyewe bila kuitwa. Ninyi mawakili mnamfundisha yule aliyeshika usukani, na aliyeshika chupa hamjamgusa.

Tatu, kuna hesabu. Wengi wa vijana wangu hawaendeshi pikipiki zao, wana pikipiki za mkataba: unapeleka hesabu kila siku, tuseme shilingi 8,000, na ukimaliza muda mliokubaliana pikipiki inakuwa yako. Kijana aliyekunywa mbili saa mbili usiku na bado amepungukiwa na 3,000 za hesabu hawezi kulala, atatafuta abiria wa kutokea baa, maana ndio wanaolipa vizuri na hawaulizi chenji. Mikataba yenyewe mingi ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na mwenye pikipiki. Inasema kila kitu kuhusu hesabu na haisemi lolote kuhusu siku ambayo dereva hafai kuendesha.

Hapo ndipo ningependa kuwaona mawakili. Tuandikieni mkataba wa mfano wenye kifungu kinachosema kwamba dereva akiwa amekunywa, anairudisha pikipiki au anailaza kijiweni, na hesabu ya siku hiyo haihesabiwi kuwa amevunja mkataba bali inasogezwa mbele. Weka na kiwango, tuseme mara mbili kwa mwezi, ili mwenye mali naye asionewe. Kisha tusaidieni kuweka kipengele kama hicho kwenye katiba ya kikundi chetu. Kijana hatakumbuka hotuba, lakini karatasi aliyoweka sahihi anaikumbuka vizuri sana.

Msema Kweli wa Nzega alijibu:

Samahani kwa kuharibu mazungumzo mazuri. Wakili huyu huyu anayewafundisha vijana wasinywe na kuendesha, mtoto wa tajiri akigonga mtu usiku huu, kesho asubuhi atakuwa mahakamani akitafuta kasoro kwenye cheti cha kipima ulevi. Vijana si wajinga, wanaliona hilo. Labda ndiyo maana walikusikiliza kwa adabu tu.

Wakili wa Kanyenye alijibu:

Ndugu Msema Kweli, swali lako ni zito na sitalikwepa. Ndiyo, nitasimama, na kama kipimo kilichukuliwa kinyume na utaratibu nitalisema hilo, kwa sababu leo ni mtoto wa tajiri na kesho ni kijana wa Ipuli aliyebambikiwa kipimo ambacho hakukipuliza. Hata hivyo nakiri kwamba sijawahi kuwaambia vijana jambo hili waziwazi. Ninapokuwa na mteja aliyekuwa amelewa kweli, kazi yangu kubwa inakuwa ni kupunguza hasara iliyokwisha kutokea, na mara nyingi ninachokiokoa ni kidogo mno kikilinganishwa na alichokipoteza yeye na alichokipoteza aliyegongwa. Nadhani nikianza kikao kwa kukiri hivyo nitaaminika zaidi kuliko nikijifanya mhubiri.

Mzee wa Cheyo alijibu:

Umejibu vema. Nami niliyekuwa nikiwashtaki nitaongeza kwamba kesi nyingi za namna hii hazikushindwa kwa ujanja wa wakili. Zilishindwa kwa sababu ya uzembe wa upelelezi: kipimo hakikufanyika, au kilifanyika saa sita baadaye. Kijana asijenge matumaini yake juu ya bahati hiyo.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Habari zenu. Ninafanya kazi mapokezi ya majeruhi katika hospitali ambayo sitaitaja, na ninaomba kurekebisha jambo ambalo kila mtu analikosea, wakiwemo mawakili wanaokuja kutoa elimu.

Vijana wanaamini kwamba ulevi unaisha kwa kulala, kwa supu, kwa kahawa nzito au kwa kuoga maji ya baridi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoharakisha ini. Kwa wastani mwili hupunguza takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa moja, na hiyo saa haisukumwi. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu kama 20 za kilevi halisi, na kwa mwanamume wa kilo 70 inapandisha kiwango kwa takriban miligramu 40. Kwa hiyo mbili zikinywewa kwa haraka tayari zinamgusisha kwenye 80, na mwenye mwili mdogo, hasa msichana, anafika mapema zaidi.

Sasa chukueni kijana aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na 150. Saa kumi alfajiri, anapoamka kuwahi abiria wa basi la asubuhi, bado ana 90. Amelala, amenawa uso, amepiga mswaki na anajiona mzima, lakini kisheria na kiakili bado amelewa. Damu yake itakuwa safi saa nne asubuhi. Majeruhi wa alfajiri tunaowapokea, wale wanaosema «lakini nilikunywa jana», ni wengi kuliko watu wanavyofikiri.

Jambo jingine: 80 si mstari ambao chini yake mtu yuko salama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi 50 kwa madereva wote na kisichozidi 20 kwa vijana na madereva wapya, kwa sababu asiye na uzoefu huharibikiwa mapema. Mkitangaza 80 mbele ya darasa la watoto wa miaka 17 bila kuwaeleza hayo, mnawapa ruhusa ya kufika 79.

Mzee wa Cheyo alijibu:

Asante sana, binti yangu. Niongeze upande wa sheria: dereva wa chombo cha biashara au cha kubeba abiria haruhusiwi kuwa na kilevi akiwa kazini, kwa hiyo bodaboda asijidanganye kwamba hiyo 80 iliandikwa kwa ajili yake. Na kukataa kupuliza kipimo bila sababu ya msingi nako ni kosa. Kitunguu cha yule mwanafunzi hakisaidii kitu. Hewa inayopimwa inatoka mapafuni.

Mama wa Ng'ambo alijibu:

Hamjambo wanangu. Mzee wa Cheyo, shikamoo. Mimi ninauza wanzuki, pombe yetu ya asali, na nina watoto watatu wa kiume, kwa hiyo jambo hili linanihusu kwa pande zote.

Nimesoma hesabu za binti yetu muuguzi nikacheka kidogo. Chupa ya kiwandani imeandikwa nguvu yake. Wanzuki wangu haujaandikwa popote, na wa leo si wa kesho, maana asali inaendelea kuchachuka kwenye pipa. Kijana anayenywa vikombe vitatu siku ya Alhamisi akaona sawa, akinywa vitatu Jumamosi anaondoka akitafuta miguu yake. Kwa hiyo mkija kwetu msije na hesabu za chupa, semeni tu kwamba aliyekuja na pikipiki asinywe, au aiache hapo hapo.

Swali langu ni hili. Mwaka jana nilimnyima kijana mmoja ufunguo wa pikipiki yake kwa sababu alikuwa hawezi hata kuuingiza mahali pake. Alirudi asubuhi na wenzake wakanitangaza mtaani kwamba mama muuza pombe ni mwizi wa pikipiki, na walitaka kunipeleka polisi. Tangu siku hiyo nawaacha waondoke, nami naingia ndani ili nisisikie. Je, nilifanya kosa kisheria? Kama mawakili mngeweza kunijibu hilo, mngekuwa mmesaidia vilabu vyote vya Tabora.

Wakili wa Kanyenye alijibu:

Shikamoo mama. Umeuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria, nami naona haya kidogo kwamba nilikwenda shuleni kabla ya kuja kwako.

Kwa maelezo yako, hukuiba. Wizi unahitaji nia mbaya ya kumnyang'anya mwenye mali mali yake au kuitumia kwa manufaa yako bila haki, na wewe ulihifadhi ufunguo mpaka asubuhi na pikipiki ilikuwa palepale. Hata hivyo ninakushauri usimshike mtu kwa nguvu wala kumfungia ndani, kwa sababu hapo unaweza kujiingiza katika mashtaka mengine. Njia nzuri zaidi ni kupata ridhaa mapema, akiwa bado na akili zake. Weka ubao mlangoni wenye maneno mafupi: «Ukija na chombo, ufunguo unakaa kwa mama. Ukishindwa kutembea vizuri, utauchukua asubuhi.» Anayekukabidhi ufunguo baada ya kusoma maneno hayo amekubali sharti. Akikataa kukukabidhi, unayo haki ya kutomuuzia. Kuwe pia na daftari dogo la kuandika namba ya pikipiki na saa uliyopokea ufunguo, na shahidi mmoja wakati wa kuurudisha. Asiyejua kusoma asomewe.

Jambo moja jingine, mama, na nalisema kwa heshima: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Sitaki kuamini kwamba wapo kwako, lakini miongoni mwa wanafunzi niliozungumza nao kuna walioijua bei ya kikombe vizuri mno.

Mama wa Ng'ambo alijibu:

Marahaba mwanangu. Wapo waliowahi kuja wakisema wametumwa na baba zao. Nimekuelewa.

Mtabora Ughaibuni alijibu:

Salamu kutoka Marekani, ambako ninasoma, ingawa nyumbani ni Isevya. Nitaongeza kidogo tu kwa kuwa huku elimu ya namna hii ina historia ndefu.

Mwaka 1980 mama mmoja wa California, Candy Lightner, alianzisha chama cha akina mama wanaopinga uendeshaji wa ulevi baada ya binti yake wa miaka 13 kuuawa na dereva mlevi aliyekuwa na makosa ya awali ya aina hiyohiyo. Mwaka 1984 sheria ya nchi iliyalazimisha majimbo kupandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21, kwa njia ya kuyapunguzia fedha za barabara yale yatakayokataa. Baadaye majimbo yote yakaweka kwa walio chini ya umri huo kiwango kisichofikia miligramu 20. Ofisi za mawakili nazo zina desturi ya kutoa fedha za masomo kwa wanafunzi wanaoandika insha kuhusu jambo hili, na nyingine hulipia teksi usiku wa sikukuu ili aliyelewa afike nyumbani bure. Ni kweli kwamba huku kujitangaza kunaruhusiwa, kwa hiyo msaada na biashara vimechanganyika, jambo ambalo mzee wa Cheyo asingelipenda.

Hilo la teksi lingefaa Tabora kwa sura nyingine. Huko kwetu teksi ya mlevi ndiyo hiyo hiyo bodaboda, kwa hiyo dereva asiyekunywa ni bidhaa. Mwenyekiti, je, kikundi chenu hakiwezi kuwa na zamu ya usiku ya vijana wachache wanaojulikana kuwa hawagusi pombe, na wenye baa wakawa na namba zao?

Mwenyekiti wa Kijiwe alijibu:

Inawezekana, na baadhi yetu tunaifanya bila kuipa jina. Kuna kijana mmoja hapa ni mlokole, usiku wa Jumamosi anapata abiria kuliko sisi wote kwa sababu wake za watu wamemwamini. Tatizo litakuja kwenye kugawana zamu, maana kila mtu atajiita mlokole. Tutalijadili kikaoni.

Wakili wa Kanyenye alijibu:

Ndugu zangu, nimewashirikisha wenzangu watano majibu haya yote, na ratiba yetu tumeipangua kabisa.

Shuleni tutarudi, lakini bila Sura ya 168 mkononi. Tutalichukua swali la yule mwanafunzi wa tatu na kuwapa wao wenyewe usiku wa Ijumaa alioueleza mzee, wagawane nafasi za dereva, majeruhi, mdhamini na mwenye pikipiki, na kila mmoja aandike alichopoteza ifikapo tarehe ya tatu ya kutajwa. Muuguzi, kama ratiba yako ya zamu inaruhusu, tungeomba uje uifanye ile hesabu ya saa kumi alfajiri ubaoni, kwa sababu mimi nikiifanya watadhani nimeitunga.

Mwenyekiti, rasimu ya mkataba wa mfano nimeianza jana usiku. Kifungu cha kulaza pikipiki nimekiweka, lakini nimekwama kwenye uthibitisho: nani atakayeamua kwamba dereva kweli alikuwa amekunywa na si kwamba amechoka tu na anataka kusogeza hesabu? Nimeandika kwamba ni mwenyekiti au katibu wa kijiwe pamoja na shahidi mmoja. Naomba uiangalie kabla ya kikao chenu ili tusije tukakupa ugomvi badala ya msaada. Na kuhusu wale wanaowanunulia madereva bia, tumewaza kuandika tangazo fupi la kubandikwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika wakati wa malipo ya tumbaku, likimweleza mkulima kwamba bia anayompa dereva wake ni safari yake mwenyewe ya kurudi nyumbani. Maneno bado hayajakaa vizuri, mwenye kalamu nzuri anisaidie.

Mama, Jumamosi tutakuja Ng'ambo watu wawili na ubao uliokwisha kuandikwa.

Mama wa Ng'ambo alijibu:

Karibuni sana. Njooni kabla ya saa nane mchana, watu wakiwa bado wanaelewana. Na mje kwa miguu.